Kiganja Juu ya Kioo

Igoma, Mwanza
3 Julai 1995

Mzee A. H. Tayabali,
Nansio, Ukerewe.

Shikamoo Mzee,

YAH: KUNYOOSHA SAHANI YA SANTURI ILIYOPINDA

Ninakuandikia kukuomba unifundishe namna ya kunyoosha, nyumbani, sahani ya santuri iliyopindishwa na joto. Nimeelezwa na wazee wa Mkuyuni kwamba ulipokuwa na duka la santuri mjini Mwanza hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi hiyo.

Mimi ni Selina, binti wa marehemu Machibya, aliyekuwa fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba na mwimbaji wa Mkuyuni Jazz. Nimehitimu Chuo Kikuu mwaka jana, Shahada ya Sanaa, daraja la pili la juu. Silitaji jambo hili kwa kujigamba, bali upate kufahamu kwamba maelekezo yako yataangukia mikononi mwa mtu aliyezoea kufuata maelekezo. Kazi bado sijapata, kwa kuwa serikali imesitisha ajira na watu binafsi bado wanatutazama tu.

Sababu ya haraka yangu ni hii. Tangu mwezi wa tano, kituo kipya cha redio, Sauti ya Miamba, kinapiga wimbo uitwao "Odeta Usifunge Mlango" kutoka kwenye kaseti za Bwana Ngosha Luhaga, aliyepiga gitaa katika bendi ile na sasa ana duka kubwa la kaseti mjini. Mtangazaji humtaja kuwa mtunzi. Siku ya kwanza mama yangu, Bernadeta, alikuwa akipepeta mchele. Aliuweka ungo chini akauliza, "Odeta ni nani?"

Wimbo huo, Mzee, unaitwa "Bernadeta Usifunge Mlango". Baba aliutunga mwaka 1971, baada ya mama kumfungia nje aliporudi alfajiri kutoka dansini. Mama anasema mlango aliufunga kweli, tena alikuwa na haki.

Nilimwendea meneja wa kituo, Bwana Masele. Aliniambia, "Binti, kila wiki napokea watoto watatu wa marehemu wanaodai nyimbo." Nikampa sahani yetu ya wimbo huo. Akasoma lebo: "Hapa pameandikwa Mkuyuni Jazz tu. Luhaga naye si alikuwa Mkuyuni Jazz?" Nikamweleza kwamba mwanzoni kabisa, kabla gitaa halijalia, kuna mwanamume anayemtaja mtunzi kwa jina, kama ilivyokuwa desturi ya bendi ile. Akaiweka mashineni. Ukingo wake umepanda na kushuka kiasi kwamba sindano ilirushwa, ikatua katikati ya ubeti wa pili. Wafanyakazi wote wakacheka. "Hii si sahani," akasema, "ni chapati. Itafutie sindano njia kabla Septemba haijaisha, nami nitalitangaza jina la baba yako kila wimbo unapopigwa. Isipoimba, tuache tufanye kazi."

Sahani hii imekaa miaka minane ndani ya sanduku la bati, chini ya paa la bati. Hatujapata nakala nyingine popote. Maneno yale ya mwanzo yapo ukingoni, mahali hasa palipopinda. Jina la baba yangu limo humo na siko tayari kuliacha humo.

Wako mtiifu,
Selina Machibya (B.A.)


Nansio
12 Julai 1995

Binti Machibya,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili kwa sauti, kwa sababu mke wangu Sherbanu alitaka kujua ni idara gani ya serikali imeniandikia. Nilipomwambia ni mtoto wa Machibya wa Mkuyuni alicheka. Baba yako alikuwa hawezi kuandika risiti ya mstari mmoja bila kuimba.

Sasa sikiliza. Usitumie pasi. Usitumie maji ya moto. Usisikilize fundi redio yeyote atakayekuambia habari za jiko.

Tafuta vioo viwili vinene, sawasawa, visivyo na mkwaruzo. Futa sahani kwa kitambaa laini kilichoguswa maji tu. Ilaze kati ya vioo hivyo. Kisha tafuta jiwe. Mwanza hamkosi jiwe. Liwe tambarare na liwe mahali jua la saa tatu asubuhi linapofika. Weka vioo juu yake, na juu ya kioo, pembeni, vitu vizito vinne vilivyo sawa. Jua litalainisha, uzito utanyoosha. Ni hivyo tu.

Kazi yote iko katika kujua lini uache. Mimi sikuwahi kuwa na kipimajoto. Kila baada ya robo saa weka kiganja chako wazi juu ya kioo, uhesabu polepole. Ukifika thelathini kwa raha, joto bado. Ukifika thelathini kwa shida, subiri kidogo. Ukishindwa kufika ishirini na tano, beba kila kitu kivulini, ongeza uzito, na usifungue mpaka kesho yake. Wanaofungua kioo kingali na joto ndio walionipa riziki miaka ishirini.

Kabla ya sahani ya baba yako, fanya mazoezi kwa sahani tatu zisizo na thamani. Tatu, si mbili.

Habari za nakala nyingine usiniulize. Dukani kwangu hazikubaki.

A. H. Tayabali


Igoma
24 Julai 1995

Mzee Tayabali, shikamoo,

Nimeipokea barua yako kwa mikono miwili. Naomba kuwasilisha taarifa ya maendeleo.

Kioo cha kwanza nimekitoa kwenye fremu ya picha yangu ya mahafali. Cha pili amenikatia fundi wa vioo wa hapa Igoma, ambaye aliniuliza kama nafungua duka la picha. Jiwe lipo nyuma ya nyumba yetu. Mama huanika udaga juu yake, na kulipata likiwa tupu kwa siku nzima kulihitaji majadiliano. "Muhogo wangu ukiota ukungu," alisema, "utakula wewe na redio yako."

Jumamosi nilifanya jaribio la kwanza kwa sahani ya nyimbo za mazoezi ya viungo, mali ya jirani yetu, Mwalimu Malimi, ambaye pia ana gramafoni ya betri. Ilikuwa imepinda kama kofia ya pama. Nilihesabu kama ulivyoagiza. Ilipofika saa nne nilishindwa kwenye ishirini na nne, nikaibeba kivulini. Kesho yake ilikuwa imenyooka, nayo ikatuamrisha sote kupanua mikono na kupumua. Mwalimu alitii.

Kwa kuwa jaribio hilo limefanikiwa kikamilifu, nimeona kwamba kurudia mara mbili zaidi hakutaongeza ushahidi wowote. Nitaanza kazi yenyewe mara jua litakapotulia.

Nimemwandikia pia Bwana Luhaga. Nimemweleza kwamba tuna sahani na kwamba tunainyoosha juu ya jiwe. Sioni sababu ya kumvizia mtu ambaye sisi hatujamwibia kitu.

Wako,
Selina Machibya


Barabara ya Stesheni, Mwanza
28 Julai 1995

Mwanangu Selina,

Barua yako imenifurahisha. Kiswahili chako kimevaa suti na tai! Machibya angekuwepo angejivuna, ingawa asingeelewa nusu yake.

Sasa nikuambie kama baba yako mdogo. Wimbo ule ni wangu. Rafiki yangu alikuwa na mke mkali, nikaliazima jina la mke wake ili tucheke. Leo nimelirudisha jina la watu na kuweka la kwangu. Kosa liko wapi? Nyimbo zenu za bendi zilikuwa zinaozea masandukuni. Mimi ndiye niliyezipiga upya, nikazipeleka sokoni. Huu si wakati wa kugawana jina kama ubwabwa wa msiba. Aliye na kitu cha kuuza na auze.

Hiyo sahani yenu naijua. Nimezitafuta sahani zile kanda nzima, mpaka visiwani, na nilizozipata ninazo mimi. Yenu hata ukiilaza kwenye jiwe mwaka mzima itabaki kifuniko cha chungu. Usijisumbue.

Lakini mtu mwenye akili kama zako hawezi kukaa Igoma akihesabu mawe. Nahitaji meneja msaidizi, mtu wa kuandika barua zenye YAH kwa wakubwa wa Dar. Njoo ofisini Jumamosi tarehe 5 Agosti, saa tano. Tutakunywa soda, tutacheka, na hili tutalimaliza kifamilia.

Baba yako mdogo,
Ngosha Luhaga


Igoma
7 Agosti 1995

Mzee Tayabali,

Ninakuandikia nikiwa na uchungu, na sitajitahidi kuuficha kwa adabu zaidi ya inayostahili umri wako.

Sahani imeharibika. Jumamosi iliwekwa juani kwa kufuata kila neno la barua yako. Thelathini ilihesabiwa, ikahesabiwa tena, na tena, na kila mara ilifikiwa kwa raha. Kwa hiyo iliachwa juani, kama ulivyoandika. Jana tulipofungua kioo, uso wake ulikuwa umefifia kama kioo kilichopumuliwa, na mistari yake haionekani hata ukiigeuza kwenye mwanga. Ukingo bado una wimbi. Sikuthubutu kuiwekea sindano. Nimeifunga kwenye kanga na kuirudisha sandukuni.

Nina swali moja. Bwana Luhaga ameniandikia kwamba amezikusanya nakala zote "mpaka visiwani". Wewe uliniandikia kwamba nisikuulize habari za nakala. Je, Mzee, ninakosea nikifikiri kwamba mtu aliyemuuzia mwizi ushahidi wote uliobaki anaweza pia kumfundisha mwenye mali namna ya kuunguza ule wa mwisho?

Ikiwa nakosea, nitaomba radhi kwa maandishi. Ikiwa sikosei, ujue kwamba sijamaliza. Nitakwenda kwa Bwana Masele na ile kanga, nimfungulie mezani, nimwambie wimbo ni wa nani.

Selina Machibya


Nansio
14 Agosti 1995

Binti,

Umenitukana vizuri. Hakuna kosa la sarufi hata moja.

Nusu yake ni kweli, nami nitaisema. Mwaka jana Luhaga alivuka kuja Nansio akiwa na sangara mkubwa wa kulisha mtaa na maneno matamu kuliko samaki. Alisema anataka kumbukumbu za ujana wake. Nilikuwa na nakala kumi na moja za wimbo wenu. Nilimpa zote. Sikuuza, nilimpa, kwa sababu nilifikiri mzee mwenzangu anaukumbuka ujana. Nilipousikia wimbo redioni na lile jina la Odeta, nilijua nilichofanya. Sherbanu hajaniacha nisahau. Ilipokuja barua yako niliona aibu kuandika hivyo kwa mtoto wa Machibya, ndiyo maana nikakukataza kuuliza.

Nusu ya pili si kweli. Nilichokufundisha ndicho nilichokifanya maisha yangu yote. Kwa hiyo nijibu hili, na ulijibu bila shahada: kiganja kilichowekwa juu ya kioo Jumamosi kilikuwa cha nani?

Nauliza kwa sababu niliwahi kumwajiri mtu aliyekuwa mhunzi. Aliniunguzia sahani sita kwa siku moja, huku akihesabu thelathini na kupiga mluzi.

Nijibu pia: ni upande upi uliokuwa ukilitazama jua? Na usiitupe.

A. H. Tayabali


Igoma
19 Agosti 1995

Kwa Mzee Tayabali,

Salaam. Mimi ni Bernadeta. Selina amesoma barua yako, siku tatu hali chakula. Najibu mimi. Mwandiko ni wangu, uvumilie.

Mkono ulikuwa wangu. Selina aliweka vioo kwenye jiwe saa tatu akaniambia mama hesabu hivi na hivi, narudi saa sita. Alikwenda mjini kwa Luhaga kutazama kazi aliyoahidiwa. Hakukuambia hilo kwa kuwa anaona haya. Mimi sikumkataza. Mtoto amesoma miaka kumi na sita, anavaa viatu vya kuazima, nimkatazeje? Luhaga akamkalisha nje ya ofisi mpaka saa nane ndipo akamwita, akacheka naye, akamwambia aanze mwezi wa kumi, sharti aachane na habari za sahani. Hakujibu ndiyo, hakujibu hapana. Hilo ndilo linalomla kuliko sahani.

Sasa mkono. Mimi nimepika ugali wa wafanyakazi pale kiwandani miaka ishirini na mbili. Sufuria nilikuwa naipua bila kitambaa. Niliweka kiganja nikahesabu thelathini, sikusikia kitu. Nikahesabu kwa Kisukuma ili niende polepole zaidi, sikusikia kitu. Nikasema huyu Mhindi jua la Nansio limemdanganya. Nikaacha mpaka saa saba.

Upande. Selina aliweka upande wa wimbo wangu juu. Alipotoka niliugeuza nikaulaza chini kwenye jiwe. Sikutaka jua liutazame wimbo wangu mchana kutwa, kila mtu hana haya siku hizi. Selina hajui kama niligeuza, machozi hayakumwacha asome lebo. Uliofifia ni ule wa pili, ule wa kusifia pamba.

Kama tumeharibu niambie mimi, usimwambie yeye.

Bernadeta


Nansio
23 Agosti 1995

Mama Selina, na Selina pia, maana najua atasoma,

Kumbe ule mkono ndio uliotuponza na ndio uliotuokoa. Jiwe la asubuhi lina baridi ya usiku tumboni mwake. Upande uliolala chini haukuona hata nusu ya joto la ule wa juu. Wimbo wa pamba tumeupoteza, na Mungu anisamehe, haukuwa mzuri.

Irudieni kazi. Upande wa Bernadeta ulale chini tena. Muanze saa mbili na nusu, vioo vyote viwili vikiwa baridi. Na mkono uwe wa Selina, wa Selina peke yake. Mama, wewe kaa mbali. Kiganja kinachotakiwa hapa ni kile ambacho hakijashika kitu kizito zaidi ya kitabu. Kwa mara ya kwanza shahada hiyo imepata kazi.

Selina, umeniomba maelekezo ukasema umezoea kuyafuata. Niliandika mazoezi matatu. Ulifanya moja.

Kuhusu kukaa nje ya ofisi ya Luhaga: watu wengi zaidi yako wamekaa pale. Wengine tulimpikia na samaki wake.

Nilikuwepo Nairobi siku waliporekodi. Niliketi karibu na mlango na chupa ya chai. Kuna jambo kuhusu yale maneno ya mwanzo ambalo sitakuandikia. Ukilisikia wewe mwenyewe litakuwa lako. Nikikutangulia litakuwa umbea wa mzee.

A. H. Tayabali


Igoma
4 Septemba 1995

Mzee wangu Tayabali, shikamoo,

Kwanza, kama nilivyoahidi, naomba radhi kwa maandishi. Nilikushuku kwa kosa lililofanyika nyumbani mwetu, na nililiandika kwa namna iliyomficha mtenda, kwa kuwa sikutaka ujue nilikuwa nimekaa wapi saa ile. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la Bwana Luhaga, nikiwa nimenyoosha gauni, nikijiuliza mshahara wake utakuwa kiasi gani. Hiyo ndiyo kweli na sitaipamba.

Pili, mazoezi. Safari hii nilifanya matatu. La pili liliharibika kabisa, na nimejifunza kwalo zaidi kuliko lile lililofanikiwa.

Tatu, kazi yenyewe. Jumamosi, saa mbili na nusu, upande wa Bernadeta ulilala chini. Mama aliketi kwenye kigoda hatua kumi mbali, mikono mgongoni, kama mtoto aliyekatazwa sukari. Saa tatu nilifika thelathini nikiongea naye. Saa tatu na robo nilifika thelathini bila kuongea. Saa tatu na nusu nilifika kwa kuuma meno. "Ongeza kidogo," mama akasema, "hujaungua bado." Nikamwambia, "Mama, nyamaza." Sijawahi kumwambia hivyo maishani mwangu. Alinyamaza. Saa nne kasoro kumi nilifika ishirini na mbili, mkono ukakimbia wenyewe. Tukabeba.

Tuliongeza uzito: kinu, mawe mawili na mfuko wa chumvi. Hakuna aliyegusa mpaka Jumapili baada ya misa. Mwalimu Malimi alileta gramafoni yake na sindano mpya ambayo alikuwa akiitunza tangu vita vya Kagera.

Mzee, ukingo umebaki na wimbi dogo. Sindano ilipanda, ikashuka, haikuruka. Kwanza zilikuja kelele kama dagaa wanaokaangwa. Kisha mwanamume akasema, waziwazi kabisa: "Machibya! Wimbo ni wako na mke ni wako. Anza mwenyewe, sisi tutakufuata!" Halafu akacheka. Kicheko chenyewe kinapanda ngazi tatu, kinakatika, kinamalizikia puani.

Nilikijua kabla hata gitaa halijaanza. Mwezi mmoja uliopita nilikisikia kikitokea nyuma ya mlango wa ofisi kwa saa tatu mfululizo, nikisubiri niitwe.

Mama alisema, "Rudia." Tukarudia. Wakati ule yeye na baba walipoinunua sahani, anasema, wanabendi wote walikuwa vijana wa sauti moja, na gramafoni yetu ilikufa zamani. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Tukarudia mara ya tatu. "Ni Ngosha," akasema. Halafu akaongeza: "Alikuwa na sauti nzuri, mwizi huyu." Baba alipoanza kuimba, mama alitoka nje akaenda kuanika udaga wake, nasi tukauacha mlango wazi ili asikie.

Sasa naelewa kwa nini alizikusanya nakala kumi na moja. Ulilijua hili tangu barua yangu ya kwanza, na ninakushukuru kwa kutoniambia. Ningekimbilia redioni na maneno matupu, naye angecheka kile kicheko, na pasingekuwa na sahani ya kumjibu.

Bwana Masele nilimwona leo asubuhi. Safari hii hakuna aliyecheka. Aliisikiliza mpaka mwisho, akaizima, akasema, "Nani mwingine ameisikia?" Nikamjibu, "Mtaa mzima wa Igoma." Amekubali nilichoomba. Naomba uvuke, Mzee. Mama amesema utalala kwetu, na kwamba atapika yeye.

Mwanao,
Selina


Igoma
8 Septemba 1995

Bwana Ngosha Luhaga,
Barabara ya Stesheni, Mwanza.

Shikamoo Baba mdogo,

YAH: NAFASI YA MENEJA MSAIDIZI, NA KUSIKILIZA SAHANI

Ninakuandikia kwa mambo mawili.

La kwanza ni kukujibu kuhusu kazi, kwa kuwa niliondoka ofisini kwako bila kutoa jibu na kufanya hivyo hakukuwa uungwana. Siipokei. Ninaihitaji kazi, na sitajifanya kwamba siihitaji. Ningeifanya vizuri pia. Lakini sharti ulilonipa ni kwamba nisahau jambo ninalolijua, na sikusoma miaka kumi na sita ili nilipwe kwa kusahau.

La pili ni sahani. Imenyooka. Haikunyooka kabisa, na mtu mwenye macho makali ataliona wimbi lake, lakini inaimba kutoka neno la kwanza. Sitakuandikia neno hilo ni lipi wala limesemwa na nani. Wewe unalijua tangu mwaka 1971.

Sijalipeleka jambo hili polisi wala kwa wakili, ingawa nimeshauriwa kufanya hivyo. Kaseti zako endelea kuziuza, na gitaa ulilolipiga ni lako, hakuna atakayekunyang'anya. Ninachotaka ni jina la Machibya litajwe kila wimbo huo unapopigwa, na jina la mama yangu lirudi mlangoni kwake. Sitapunguza hata moja kati ya hayo mawili, kwa soda wala kwa undugu.

Bwana Masele atamtangaza mtunzi hewani. Kabla ya tangazo hilo, sahani itachezwa studio mbele yetu sote, na nimemwomba na wewe uwepo. Nimemsihi usiitwe kama mshtakiwa. Utaitwa kama shahidi, maana katika watu wote waliokuwa katika chumba kile Nairobi ni wewe uliyesema kweli kwa sauti kubwa kuliko wote. Ukitaka kuisema tena kwa mdomo wako, kipaza sauti kitakuwa mbele yako. Usipotaka, sahani itaisema.

Mama atakuwepo. Mzee Tayabali atavuka kutoka Nansio siku moja kabla. Tutakutana katika studio ya Sauti ya Miamba, Jumamosi tarehe 16 Septemba 1995, saa nne kamili asubuhi.

Selina, binti wa Machibya na Bernadeta